Kaposeni Kaburini

Mama hakuwajibu wageni mpaka alipomaliza kukamua shuka.

Lilikuwa shuka zito la mteja. Alilishika ncha moja, ncha ya pili akamkabidhi binti yake, wakalisokota huku na huku mpaka maji yakachuruzika ndani ya beseni. Wageni walikuwa wawili, wamekaa kwenye benchi chini ya kamba za nguo. Mmoja alikuwa fundi mkata wa kiwanda cha sare, kijana mrefu mwenye vidole virefu, ambaye kiwanda kizima kilimwita Mkasi. Wa pili alikuwa baba yake mdogo, fundi viatu, mtu mwenye maneno mengi kuliko misumari yake.

"Mama," fundi viatu alirudia, "sisi hatuna mengi. Tulikuwa tunajipitia zetu, tukaona ua. Tukasema, ua zuri kama hili haliwezi kukosa mwenyewe. Ndiyo tumekuja kwa mwenyewe."

"Na mwenyewe yuko wapi?" mama aliuliza.

Fundi viatu alicheka. Alidhani ni ule utani wa watu wanaotaka kubembelezwa. "Mwenyewe si ndiye wewe, mama yetu."

"Mimi nimekufa."

Alilisema huku akikung'uta shuka, kama mtu anayesema mimi nimekula. Binti alisimama na vibanio vya nguo mkononi. Alimtazama Mkasi, kama alivyozoea kumtazama anapopotewa na neno, maana Mkasi hakukosa neno. Safari hii Mkasi alikuwa anatazama viatu vyake.

"Umekufa vipi tena, mama?" fundi viatu aliuliza, kicheko kikimpungua.

"Muulize mwanao. Yeye ndiye aliyeniandika."

Mama alitundika shuka, akalinyoosha kwa viganja viwili, kisha akaja kusimama mbele yao, mikono ikidondosha maji.

"Jana nilikuwa napeleka nguo za nesi mmoja, anakaa nyuma ya kiwanda chenu. Kufika ukutani, nikamwona mwanangu. Picha kubwa kama mlango, amekaa kwenye cherehani, anacheka. Sijawahi kumwona amecheka vile hapa nyumbani. Nikamgongea nesi mlango, nikamwambia, njoo unisomee, wamemsifu vipi. Akaja. Akasoma kwa macho, halafu akanyamaza. Nikamwambia soma kwa sauti, mwenzangu, mimi sikwenda shule lakini si kiziwi." Alijifuta mikono kwenye kanga. "Akasoma. 'Yatima wa baba na mama. Jana hakuwa na mtu, leo ana fani.' Nimesimama pale na beseni kichwani, marehemu mzima."

Fundi viatu alimgeukia Mkasi, akamtazama kwa muda mrefu.

"Ni kweli, wewe?"

"Baba mdogo, ile fomu..."

"Nimekuuliza ni kweli?"

"Ni kweli."

"Basi," mama alisema, "mnalilia ua la marehemu. Kaposeni kaburini. Mkijibiwa huko, na mimi nitajibu."

Alirudi kwenye beseni lake. Fundi viatu aliinuka taratibu, akaomba radhi kwa sauti ambayo safari hii haikuwa na utani hata kidogo. Mkasi alichelewa nyuma, akitafuta macho ya binti. Aliyapata, lakini hayakumwambia kitu.

Binti huyo kiwandani walimwita Kimya, na jina lilimkaa kama nguo iliyopimwa. Aliacha shule akiwa darasa la tatu, mwaka baba yake alipofariki, kwa sababu nguo za watu zilihitaji mikono minne na mama alikuwa na miwili. Alipokuwa mtu mzima alijua kuandika jina lake tu. Herufi nyingine alizitambua kama mtu anavyowatambua majirani wa zamani: sura anaijua, jina limempotea.

Ndipo kampuni ya sare ilipoanzisha mpango wa vijana. Ilitafuta vijana walioachwa nyuma na shule, ikawaweka kwenye cherehani asubuhi na darasani mchana. Kila mwaka wanne kati yao walipelekwa chuo cha ufundi miaka miwili, kampuni ikiwagharamia, wakirudi wana cheti na nafasi. Mkasi mwenyewe alipitia hapo. Alikuwa yatima kweli, wa pande zote mbili, aliyelala miguuni pa benchi la viatu la baba yake mdogo mpaka kampuni ilipomchukua.

Mwaka huu Kimya alikuwa mmoja wa wale wanne. Chuo kilikuwa kinafunguliwa baada ya wiki mbili.

Bango lile lilitundikwa Ijumaa. Siku ile na kesho yake alipita mbele yake ameinamisha kichwa, akiona haya kukutana na uso wake ukiwa mkubwa kiasi kile. Hakusoma kilichoandikwa chini.

Jioni ile, wageni walipokwisha kwenda, alimsaidia mama kuanua nguo.

"Mama, sikujua."

"Najua hukujua. Wewe ungejua ungelia mapema."

"Alijaza yeye. Mimi nilitia jina tu."

"Najua na hilo." Mama alikunja shati, akalipiga kofi ili likae. "Sikiliza, mwanangu. Nimemfukuza kwa sababu yeye ni mwanamume, na mwanamume lazima ajue kinachouma. Lakini wewe sikuzuii na shule. Ukitaka niendelee kufa, nitaendelea. Nitapita njia ya nyuma, sitakanyaga kiwandani kwenu. Nimewafanyia watu kazi ngumu kuliko hiyo."

Angemtukana ingekuwa afadhali. Kimya alishika nguo ya mtu asiyemjua, akaiweka usoni, mama akajifanya anahesabu vibanio.

*

Asubuhi iliyofuata alimkuta Mkasi kwenye meza ya kukatia kabla wenzao hawajafika. Meza ile ilikuwa ndefu kama ukumbi. Juu yake kitambaa cha bluu kilikuwa kimetandazwa tabaka juu ya tabaka, na Mkasi alikuwa anachora mikono ya mashati kwa chaki.

Hapo ndipo alipomfundisha kuandika. Saa ya mapumziko, wenzao wakiwa nje, alikuwa akichukua chakavu cha kitambaa cheusi na chaki ya fundi, akamwandikia herufi moja, na yeye anaiiga chini yake. Akikosea, Mkasi anafuta kwa kiganja. Siku walipofika kwenye y, Mkasi alimshika mkono. Alisema, "Hii ina mkia. Usiukate mfupi, utatia huruma. Uteremshe, uupinde, urudi nyuma mpaka ulipigie neno zima mstari." Mkono wake ulikuwa na vumbi la chaki, mkavu na wa moto. Kimya hakusikia habari za mkia. Alisikia mkono. Lakini toka siku hiyo kila y yake ilikuwa na mkia unaorudi nyuma, kama ya Mkasi, na washonaji walipoona daftari lake walikuwa wakimtania: "Kimya, hii barua umeandika wewe au umeandikiwa? Maana mwandiko umeshaolewa."

Sasa Mkasi aliweka chaki chini.

"Hukulala," alisema.

"Wewe umelala?"

"Hapana." Alizunguka meza, akasimama upande wake, karibu kiasi cha kunusa sabuni kwenye shati lake. "Nisikilize kwanza, halafu unihukumu. Fomu ilikuwa na visanduku vitatu. Yatima wa baba, yatima wa mama, yatima wa wote. Wale wa wote ndio wanaoanza kutazamwa. Wewe ungeanguka mbali sana. Nilikuwa nimekuona siku nne tu, Kimya. Siku nne, na nilishajua kwamba ukirudi kwenye beseni sitakuona tena."

"Kwa hiyo ukamwua mama."

"Niliweka alama kwenye kisanduku. Baba yako si alifariki? Nusu ni kweli."

"Na nusu nyingine ilikuwa inafua."

Mkasi alifumba macho. "Kwangu mimi neno hilo si tusi. Mimi neno hilo limenilisha. Limenipeleka chuo. Limenipa hii meza. Nilidhani nakuazima ufunguo wangu."

"Ulikuwa ufunguo wako," Kimya alisema, "lakini mlango ulikuwa wa mama."

Alishangaa mwenyewe kusikia maneno yanamtoka. Mkasi naye alimtazama kama anamwona upya, na katika mtazamo ule kulikuwa na mapenzi mengi hata Kimya akatamani kuyaacha mambo yalivyo. Akatamani kuegemea tu kwenye lile shati.

"Vumilia miaka miwili," Mkasi alimwambia kwa sauti ya chini. "Miwili tu. Utarudi na cheti, bango litakuwa limekwisha chanika. Mimi wiki ijayo wananipa usimamizi wa chumba hiki. Tutamjengea mama yako chumba chenye maji ndani. Nitampigia magoti. Mama yako hajafa kwa kuandikwa."

"Jana amesema nikitaka ataendelea kufa. Kasema atapita njia ya nyuma."

Mkasi alisugua vumbi la chaki vidoleni.

"Mimi siwezi," Kimya alisema. "Naenda kwa mratibu, bango litolewe. Lakini sitaki kwenda peke yangu. Nikifika pale ulimi utanikatika, unanijua. Njoo useme wewe. Sema uliijaza wewe, sema mimi sikuweza kusoma. Labda watakuelewa, wewe ni mtoto wao."

Nje, sauti za washonaji zilianza kusikika. Mkasi alichukua futi ya kupimia, akaivaa shingoni, akaivua.

"Saa nne," alisema. "Tutaingia pamoja."

"Kweli?"

"Nimekuahidi uongo lini?"

Kimya alitabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza toka jana. Lilikuwa swali baya kuuliza asubuhi ile, lakini mtu anayependa hulisikia lile analotaka kulisikia.

*

Mratibu wa mpango wa vijana alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani ya kamba, aliyewajua vijana wake mmoja mmoja na kuwakumbusha kula. Aliwakaribisha wote wawili akidhani wamekuja kutangaza uchumba. Chumba kizima cha ushonaji kilijua kwamba wanapendana.

"Haya, nani anaanza?"

Kimya alimtazama Mkasi. Mkasi alimtazama mratibu, kisha ukutani nyuma yake, mahali ambapo barua ya usimamizi ilikuwa imebanwa kwa pini, ikisubiri sahihi moja.

Saa ya ukutani ilikwenda.

"Bango," Kimya alisema hatimaye, kwa sauti ambayo hata yeye hakuisikia vizuri.

"Bango limefanya nini?"

"Limekosea."

Mratibu alivua miwani. Alimsubiri. Kimya alifungua kinywa, akahisi ulimi umekuwa kitambaa. Mratibu alimjua, hakumlazimisha. Alimsogezea karatasi na kalamu.

"Wewe unaandika vizuri kuliko unavyosema. Niandikie."

Kimya aliinama juu ya karatasi. Aliandika polepole, akiibonyeza kalamu, na alipomaliza akaigeuza kwa mikono miwili.

*Mama yangu yupo hai.*

Mratibu alisoma. Uso wake ulibadilika polepole. Aliinuka, akafungua kabati, akatoa faili, akatafuta, akaiweka fomu mezani pembeni ya karatasi ile. Juu kabisa paliandikwa kwa herufi nene: *Mwombaji ajaze kwa mkono wake mwenyewe.* Chini, kwenye mstari wa maelezo, mtu alikuwa ameandika *yatima, anayeishi kwa msaada wa majirani.* Mikia ya y ilikuwa inateremka, inapinda, inarudi nyuma mpaka inalipigia neno zima mstari.

Na kwenye karatasi mbichi, *yangu* na *yupo*, mikia ileile.

"Mwanangu," mratibu alisema, na sauti yake ilikuwa na maumivu kuliko hasira. "Kwa nini?"

Hapo Kimya ndipo alipoelewa kilichotokea. Alitazama karatasi zote mbili. Lile neno la kweli, la kwanza kuandika kumtetea mama yake, ndilo lililokuwa limemshika. Angeweza kusema. Maneno yalikuwa matano tu: si mimi, ni yeye aliyejaza. Yalifika hadi kwenye meno. Lakini aliyatafuna, kwa sababu alitaka yatoke kwa mwingine. Ukweli wa kuomba, aliwaza, hauna tofauti na nguo ya kuazima.

Akamgeukia Mkasi, akamtazama, wala hakuinamisha macho. Mara ya kwanza katika maisha yake.

"Wewe unaujua mwandiko wake kuliko mimi," mratibu alimwambia Mkasi. "Tazama vizuri, nisije nikamwonea mtoto wa watu. Mwandiko huu ni wake?"

Mkasi alisogea. Vidole vyake virefu vilishuka mezani, vikatua juu ya ile karatasi mbichi. Juu ya *yupo hai*. Siyo juu ya fomu.

"Huu ni wake," alisema.

Hakusema uongo hata kidogo. Mratibu aliuliza kwa karatasi mbili, yeye akajibu kwa moja, akaacha mratibu ajumlishe mwenyewe.

"Basi mimi sina jinsi," mratibu alisema. "Bango linatolewa leo hii, na mama yako nitamwomba radhi kwa mdomo wangu. Lakini nafasi ya chuo siwezi kukuachia. Kuna mwenzako wa tano, alijaza kweli, akakosa. Na mafunzo pia, kanuni inasema..." Hakuimaliza kanuni. "Ungekuja kuniambia mapema, mwanangu. Yatima wa baba tungemsikiliza pia. Mwaka huu wawili kati ya wanne ni wa namna hiyo."

Kimya alivua futi yake ya kupimia shingoni, akaikunja vizuri kama alivyofundishwa, akaiweka juu ya fomu. Alisema asante. Hakujua asante ya nini, lakini mama yake alimlea hivyo.

*

Mkasi alimfikia karibu na lango, pale wafanyakazi wawili walipokuwa juu ya ngazi wakilegeza kamba za bango. Uso wa Kimya ulikuwa umekwisha kunjika katikati, kicheko kikiwa juu, cherehani likiwa chini.

"Kimya. Nisubiri. Nisikilize."

Alisimama.

"Ningesema tungepotea wote," Mkasi alisema, akihema. "Sasa mmoja amebaki ndani. Nikipata usimamizi nitakusomesha mwenyewe. Nitakuoa, tutaanza upya. Haki ya Mungu nakupenda."

"Najua unanipenda."

"Basi niambie nifanye nini."

"Ulimwandika mama marehemu kwa sababu ulinipenda," Kimya alisema. "Hilo nililielewa. Asubuhi nilikuwa nimeshakusamehe, hata hukujua. Sasa niambie na hili la leo. Umeniandika mwongo kwa sababu ulimpenda nani?"

Mkasi alifungua mikono, akaifunga. Vumbi la chaki lilikuwa bado kwenye vidole.

"Baba mdogo atakuja tena kwa mama yako," alisema kwa unyonge. "Tutaomba radhi. Nitamwambia nini mama, Kimya? Niambie niseme nini."

"Usimsumbue. Mama alishakuambia pa kwenda kuposa." Alivuta kanga mabegani. "Kaulizie hukohuko. Na mimi sasa unipate hukohuko."

Bango lilianguka nyuma yao kwa kishindo kidogo, kama shuka lililokatika kamba. Hakugeuka.

*

Mama alikuwa anapanga nguo zilizokauka kwenye vifurushi. Zamani alivitofautisha kwa nyuzi, nyekundu ya mwalimu, nyeupe ya nesi. Toka binti alipojua kuandika, kila kifurushi kilipata kikaratasi chake, na mama alijivunia vikaratasi vile kuliko nguo zenyewe.

Alimwona binti yake amerudi saa sita, saa ambayo si ya kurudi, na shingoni hana futi. Alielewa. Akamsogezea kigoda.

"Nimefufuka?"

"Umefufuka, mama."

"Na wewe?"

Binti alikaa kwenye kigoda. Mama hakuuliza mara ya pili. Aliinua kifurushi kilichobaki, nguo ndogondogo za watoto.

"Hizi ni za yule yaya wa nyumba ya kona. Niandikie, atapita sasa hivi."

Kimya alichukua kalamu. *yaya*. Aliandika polepole, na alipofika chini ya herufi akaizuia kalamu, hakuiteremsha. Akatazama. Herufi isiyo na mkia ilikuwa imegeuka nyingine. Palisomeka *vava*. Mtu asiyekuwepo, jina lisilo la mtu.

Akairudisha kalamu kuongeza mkia, mfupi tu, ulionyooka, usiorudi kwa yeyote. Mkono haukumsikiliza. Uliteremka, ukapinda, ukarudi nyuma wenyewe mpaka mwanzo wa neno, na kulipigia mstari.

Mama alikipokea kikaratasi, akakiinua kwenye mwanga kwa vidole vilivyokunjamana kwa maji.

"Zuri," alisema. "Kusoma sijui, lakini hata mimi naona kwamba ni zuri."

Binti alifunga kifurushi, akakaza fundo.